Mizani ya nani?

Ndugu msomaji, wewe uliyekaa hapo kijiweni na gazeti hili mkononi, tunaomba uinue macho utazame barabarani. Likipita lori la mazao kutoka bara, angalia magunia yake. Utaona kila gunia limevaa kilemba. Limejazwa hadi mdomoni, likaongezewa kipande cha gunia jingine juu, likashonwa kwa kamba ya katani, likabaki limetuna kama mjamzito wa miezi tisa. Hiyo ndiyo lumbesa. Aliyelima alilipwa bei ya gunia moja. Kile kilemba alikitoa bure.

Sasa lifuate lori hilo hadi sokoni. Gunia linafunguliwa, kilemba kinavuliwa, mizani inatolewa. Wewe mlalahoi unauziwa kilo, nusu au robo, na gramu zikipungua ndiyo basi. Shambani mali ilinunuliwa kwa macho, mjini inauzwa kwa mizani. Mkulima kapunjwa, na wewe mlaji hukupunguziwa hata senti tano. Nani kala hapo katikati?

Najua utasema: siasa zimekwisha nini, hata gazeti la mageuzi linaandika habari za debe na kilo? Ndugu yetu, hazijaisha. Nani anashika mizani, nani anapimwa, na nani anaruhusiwa kuikagua, hayo ndiyo maswali ya siasa tangu dunia ilipoanza kuwa na watawala. Kama unabisha, twende Tabora.

SHANGA NYEKUNDU, SHANGA NYEUPE

Tabora ipo katikati ya ile njia kongwe ya misafara, kutoka Bagamoyo pwani hadi Ujiji ziwani. Katika karne ya 19 wazee wetu wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea njia hiyo kwa miguu kwa miezi, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili begani, yaani karibu kilo 32. Kwenda bara walibeba merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kurudi pwani walibeba pembe za ndovu. Na katika njia hiyo hiyo binadamu wenzetu walipitishwa na minyororo shingoni, wakiwa bidhaa yenye bei kama pembe. Hilo nalo lisisahaulike tunapozungumza juu ya vipimo.

Sarafu zilikuwa adimu huko bara. Nguo ndiyo ilikuwa pesa. Mikono minne ilikuwa shuka moja, na shuka mbili, yaani mikono minane, zilikuwa doti. Mkono ulipimwa kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Utauliza: mkono wa nani? Hilo ndilo swali! Ukipimiwa na mtu mfupi umekula hasara. Ukileta mjomba wako mrefu apime, mwenye nguo ndiye analia.

Shanga nazo zilikuwa na mambo yake. Stanley alipopita mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alikuta kila nchi ina rangi yake. Unyamwezi walitaka shanga nyekundu, zile samesame. Shanga nyeusi zilipita Ugogo, lakini ukizitoa kwingine unachekwa. Shanga kubwa za sungomaji zilikuwa mali Ujiji, lakini njiani hazikununua hata muhogo. Nyeupe zilipokewa Ufipa, zikadharauliwa Ukonongo. Mkuu wa msafara asiyejua hesabu hiyo aliweza kuwa tajiri Bagamoyo na ombaomba Tabora, huku mizigo yake ni ile ile.

Kisha kulikuwa na hongo. Ukifika kwenye nchi ya mtu, ulitoa nguo ndiyo upite. Hongo ile ilikuwa ushuru wa wazi, si siri ya gizani, ila kiasi chake hakikuandikwa popote. Mwenye nchi alitaja doti zake, mkuu wa msafara akalia umaskini, wakabishana siku mbili, tatu, huku wapagazi wanakula posho. Neno hilo umelirithi, msomaji, na unajua siku hizi linaitwaje kule getini na kule kaunta: kitu kidogo. Kilichobaki ni kile kile. Bei haijaandikwa, na anayeitaja ndiye aliyeshika kamba ya geti.

Ndiyo maana Mirambo wa Urambo alipoifunga njia mwaka 1871 na kupigana na Waarabu wa Tabora, vita ile haikuwa ya hasira tu. Ndani yake mlikuwa na swali hili hili: nani mwenye haki ya kutoza katika njia hii, na kwa kipimo gani?

MTAWALA MPYA, RATILI MPYA

Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe alikufa akipambana na Wajerumani, na boma likapata wenyewe wapya. Wenyewe wapya walikuja na vipimo vyao. Rupia iliyokuwa na pesa 64 ikageuzwa mwaka 1904 kuwa heller 100. Reli ya kati ikajengwa kwa upana wa mita moja kamili, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vita Kuu ilipowafungia bahari, Wajerumani wakaanza kugonga sarafu katika karakana ya reli hapo hapo Tabora mwaka 1916, zikiwamo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Tarehe 19 Septemba 1916 mji ukaangukia mikononi mwa Wabelgiji. Mwaka 1917 Wabelgiji wakaukabidhi kwa Waingereza, na baadaye ikaingia shilingi, ratili, yadi, maili na galoni. Hata debe letu, ambalo tunaliona kama ni la mababu, ni bati la mafuta ya taa, galoni nne za Kiingereza, lita 18 na ushei.

Hebu mfikirie mtu aliyezaliwa Tabora mwaka 1885. Kabla hajatimiza miaka 40, alikuwa amehesabu mali yake kwa doti, kwa rupia ya pesa 64, kwa rupia ya heller 100, na kwa shilingi ya senti 100. Mara ngapi alijilaza tajiri akaamka hajui ana nini? Na kila mara alipobadilishiwa, nani alimwuliza?

Sheria nayo ilikuja kwa treni hiyo hiyo. Hadi leo, kitabu chetu cha sheria kinataja tarehe 22 Julai 1920. Sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza siku hiyo ziliingizwa Tanganyika kama mzigo wa meli, pamoja na kawaida za mahakama zao. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, Burundi na Kongo, wakapata za Kibelgiji. Hatukuchagua sisi, hawakuchagua wao. Mipaka ilichorwa mezani Ulaya, na kila upande ukapewa rula yake.

KUTOFAUTIANA SI DHAMBI

Hapa tuelewane. Hatusemi kwamba kipimo cha mgeni ni kibaya kwa sababu ni cha mgeni. Wala hatusemi dunia nzima ipime sawasawa. Muulize dereva yeyote wa lori anayepeleka mizigo Kigali. Anaondoka Dar es Salaam akishika kushoto. Akivuka daraja la Rusumo, anahamia kulia. Burundi ni kulia, Kongo ni kulia. Hakuna anayeibiwa, kwa sababu katika kila nchi wote wanashika upande mmoja, waziri na mkokoteni. Uswidi walikuwa wakiendesha kushoto kama sisi. Alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967 wakahamia kulia nchi nzima kwa mpigo, na maisha yakaendelea.

Wamarekani wenye ndege zao na mitambo yao bado wanapima kwa ratili na maili. Sisi tulihamia kilo na mita baada ya uhuru, lakini mwambie fundi wako wa bomba akuletee bomba la milimita kumi na mbili na nukta saba! Atakuuliza unaumwa? Sema nusu inchi. Mbao ni mbili kwa nne, shamba ni ekari, televisheni ni inchi. Saa zetu zinaanza jua likichomoza, za Mzungu zinaanza usiku wa manane, na hakuna anayekosa treni ila mzembe.

Tofauti hizo zina gharama, hatukatai. Reli ya kati ina upana wa milimita 1000. TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina milimita 1067. Hii mpya ya kisasa, iliyoanza kujengwa mwaka 2017 na kuanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, ina milimita 1435. Nchi moja, reli tatu, na behewa la moja haliingii kwenye nyingine. Pale Kidatu, TAZARA inapokutana na reli ya mita, mzigo hushushwa huku ukapakiwa kule. Ni usumbufu, ni fedha. Lakini ni usumbufu wa wazi, unahesabika, na kila mwenye mzigo anaulipia.

Wizi ni kitu kingine. Wizi unaanza pale watu wawili wanaposimama mbele ya geti moja, siku moja, na kila mmoja anapimwa kwa mizani yake.

TABORA, JANUARI 1958

Mfano mkubwa kuliko yote uko hapo hapo Tabora. Serikali ya kikoloni ilikubali hatimaye kwamba watu wapige kura, lakini ikaleta kitu kilichoitwa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Viti sawa kwa kila rangi. Waafrika walikuwa karibu nchi nzima, Wazungu wachache wa kuhesabika, lakini kwenye mizani ya gavana walilingana! Na juu ya hapo, ili uruhusiwe kupiga kura, ulipimwa kwanza kipato chako, elimu yako au cheo chako. Mpagazi, mkulima na mchoma mkaa wakabaki nje ya mlango.

Siyo kura tu. Hata kesi ilikuwa hivyo. Mwafrika alipelekwa barazani kwa mtemi au kwa liwali, na mahakama hizo hazikuwa na mamlaka juu ya Mzungu. Kosa moja, nchi moja, milango miwili.

TANU ilipokutana Tabora Januari 1958, wajumbe wengi walikuja na moto: tususie! Mwalimu Nyerere akasimama, akawashawishi waingie katika uchaguzi ule mbovu ili wauvunjie ndani. Wengine hawakuridhika. Zuberi Mtemvu akajitoa, akaanzisha chama chake cha African National Congress. Historia ikauita uamuzi ule Uamuzi wa Busara, na uchaguzi ulipofanyika, wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda, wakiwamo Waasia na Wazungu waliokubali kwamba mtu ni mtu. Mizani ya kura tatu ikafia hapo. Mwaka 1963 mahakama nazo zikaunganishwa kuwa mfumo mmoja, kutoka ya mwanzo hadi ya juu, kwa raia wote.

Na aliyeshika wizara ya sheria katika miaka hiyo ya mwanzo ya uhuru alikuwa nani? Mtu wa Tabora, Chifu Abdallah Fundikira, Ntemi wa Unyanyembe. Ni huyo huyo aliyerudi uwanjani miaka ya 1990 akiwa mstari wa mbele kudai vyama vingi, na kuongoza UMD. Wako wanaosema madai ya usawa ni maneno ya wahuni wa mjini. Wamsome mzee huyo.

Somo la Tabora, msomaji, ni hili. Wazee wale hawakugombana na gavana kwa sababu sanduku la kura ni chombo cha Kizungu. Walilitaka sanduku hilo hilo! Walichokataa ni mizani yenye mawe mawili.

LUMBESA ZA LEO

Sasa turudi kwenye magunia yetu. Mkoloni ameondoka zaidi ya miaka 60 sasa. Je, mawe mawili yameondoka?

Chukua mrina asali wa Sikonge. Ameingia porini, ameumwa na nyuki, ameshusha mizinga, amechuja. Anakuja mnunuzi na ndoo ya lita 20. Anamwambia: mzee, ndoo ya ishirini hii, nakulipa kilo ishirini. Mzee anaona sawa, ishirini ni ishirini. Lakini asali si maji! Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo moja na gramu 400. Ndoo ile ya lita 20 ina kilo 28. Kilo nane zimekwenda bila kelele, bila panga, bila polisi. Kwa ndoo tano, kilo 40. Mzee wa watu anarudi nyumbani anamshukuru mnunuzi kwa kumlipa taslimu. Kaingizwa mjini akiwa kwao.

Chukua mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua. Amekopeshwa mbolea na dawa kupitia chama cha msingi, amekata kuni, amekesha kwenye bani akikausha majani. Siku ya soko, mteuzi anatazama mtumba wake, anaushika, anataja daraja. Madaraja ni mengi kuliko vyeo vya jeshi. Bei ya kila daraja imetajwa kwa dola za Marekani. Mkulima anakopa kwa shilingi, anakula kwa shilingi, anasomesha kwa shilingi, lakini jasho lake linapimwa kwa fedha ambayo hajawahi kuishika. Wazee wake waliambiwa shanga nyekundu zinapita na nyeusi hazipiti. Yeye anaambiwa jani hili daraja la juu, lile la chini. Akiuliza kwa nini, wangapi wana subira ya kumjibu?

Na wewe wa mjini usijidhani mjanja. Petroli ya bodaboda yako, ukiinunua kwenye chupa ya maji kando ya njia, nani alikuhakikishia kwamba ni lita? Mkaa wa kopo, kopo la nani, na sakafu yake imebonyezwa kiasi gani? Gunia la viazi limefungwa, limeshonwa, unalipa. Wahenga wa mjini walisema usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Siku hizi hata gunia lenyewe ni uongo.

Wala usiambiwe kwamba sheria hakuna. Ipo Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Upo Wakala wa Vipimo tangu mwaka 2002, wenye kazi ya kuhakiki mizani na kuipiga chapa. Lumbesa imepigwa marufuku, na marufuku hiyo imetangazwa na viongozi tena na tena. Lakini marufuku isiyo na mizani kijijini ni danganya toto. Unamkamata mkulima na gunia lake kizuizini, halafu tajiri mwenye malori kumi anapeperusha mkono na kupita. Machinga mwenye mizani ya chemchemi iliyochoka ananyang'anywa. Mwenye ghala anapewa taarifa kabla ya ukaguzi. Hayo tukiyaacha, sheria yenyewe inakuwa lumbesa: kwa mlalahoi imevaa kilemba, kwa kigogo imekatwa juu.

Msikitini na kanisani kote utasikia jambo hili likikemewa. Qur'ani ina sura nzima inayowaonya wapunjaji, ya 83, na kitabu cha Mithali kinasema Mungu anachukizwa na mizani ya hadaa. Tabora ina waumini wa dini zote mbili, wanaosikia hayo kila wiki. Basi kwa nini Jumatatu tunasahau?

TUNASEMA HIVI

Kwanza, kila gulio na kila kituo cha kununulia mazao kiwe na mizani ya umma iliyopigwa chapa, mahali pa wazi, ambapo muuzaji anaweza kurudia kupima bila kuomba ruhusa ya mnunuzi. Fedha za kununulia zipo. Halmashauri hukusanya ushuru wa mazao kila msimu. Anayechukua ushuru wa sokoni ana deni la mizani.

Pili, bei na madaraja ya tumbaku vibandikwe ukutani kwa Kiswahili na kwa shilingi, siku ya soko, pamoja na kiwango cha kubadilishia dola siku hiyo. Mkulima asipokubali daraja alilopewa, awe na mahali pa kukata rufaa hapo hapo, kabla mtumba haujapakiwa.

Tatu, anayekamatwa na lumbesa asiwe mkulima na kuli peke yao. Atafutwe aliyeagiza, aliyefadhili na aliyepitisha kizuizini.

Nne, na hili linatuhusu sisi tunaojiita wanamageuzi. Tusidai mizani ya haki serikalini huku ndani ya vyama vyetu tunapima kwa jicho. Kura za ndani zihesabiwe mbele ya wajumbe. Michango ya wanachama ielezwe ilipokwenda. Ukituona tunampima mwanachama wa Manzese kwa jiwe moja na mwenye gari kwa jiwe jingine, tuandikie, nasi tutachapa barua yako. Atakayekataa kupimwa leo akiwa nje, ataivunja mizani siku atakayoingia ndani.

Na wewe kijana, usisubiri mtu. Ukienda likizo kwenu Nzega, Igunga au Sikonge, usipeleke fulana na miwani tu. Mfundishe mjomba kwamba lita si kilo. Hapa mjini, ukinunua, sema: pima mbele yangu. Mshale uanzie kwenye sifuri. Akikununia muuzaji, mwache anune. Wazee wako walibeba frasila mbili kutoka Ujiji hadi Bagamoyo bila kujua jumla ya mali waliyobeba. Wewe unajua kusoma mizani. Isome, na ukiona imedanganya, sema kwa sauti hadi soko zima lisikie.